Upindo

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, kama cha sala,
jalada lake karatasi ya kufungia nyama.
Ludmiła Warchoł, karani wa mgodi wa chumvi,
alikiandika usiku nyuma ya fomu za mizigo,
kwa penseli ya serikali.
Nilikisoma kwenye tramu, hapa Łódź, nina miaka kumi na saba.
Nikapitiliza vituo vitatu.

Binti anafia mgodini. Chumvi inakataa kumwozesha.
Kila baridi ikiingia anapanda ngazi,
anasimama mlangoni kwa mama yake
na gauni la harusi ambalo mama hakulimaliza.
Ukurasa wa hamsini na tatu, sentensi moja:
maadamu upindo haujashonwa, atabaki nje.
Rangi ya gauni haikutajwa.

Hapo ndipo riziki yangu ilipotokea.

Filamu ya kwanza haikuwa na rangi.
Mpiga picha alisema nyeupe itaunguza sura,
basi gauni la harusi nililishona kijani,
kijani cha njegere zilizochemka kupita kiasi,
na ukutani likaonekana kama mfupa.
Kraków watu walizimia. Mimi nilicheka gizani:
wanaogopa njegere!
Nyuma, upande wa kushoto, shibiri moja ya upindo niliiacha wazi.
Hakuna aliyeniagiza.

Jukwaani likawa jekundu,
ili na wa kiti cha bei ya chini apate hofu yake.
Bogumił, mwongozaji, alimfuta mama kabisa,
akaweka kwaya ya wachimbaji walionong'ona bei ya nyama.
Mkaguzi wa serikali alikuja mara tatu,
akacheka pasipochekesha.
Seweryna, aliyecheza maiti, alikuwa na mimba ya miezi mitano;
kila Jumatatu nililegeza mshono wa kiunoni,
kila Jumatatu maiti alinenepa.
Shibiri moja, wazi.

Kisha televisheni, na pesa za kampuni ya sabuni.
Liwe la buluu, walisema, buluu ya povu.
Binti akapewa mchumba, mchumba akapewa pikipiki,
na kipindi cha sita maiti akasamehewa, akahamia Gdańsk.
Warchoł alikuwa hai bado.
Nilimkuta studio, amekaa juu ya sanduku, anamenya yai.
Nikamuuliza kama inamuuma.
"Kuzaa nimezaa," akasema. "Kulea wanalea majirani."
Halafu akalivuta gauni, akalipapasa kwa kidole gumba,
polepole, pindo lote,
mpaka akafika pale.
Hakusema neno. Alinipa nusu ya yai.

Mwaka huu wamekirudia tena, vipindi kumi.
Hawakuniita kushona; waliniita niheshimiwe,
nikae kwenye kiti, nipigwe picha.
Msichana amevaa soksi ya mwili mzima,
ya kijivu, yenye vitone, kama mgonjwa wa surua.
Gauni huchorwa baadaye, kwa kompyuta.
Kijana mpole, Gniewko, akanionyesha.
Jeupe. Jeupe la kweli, kwa mara ya kwanza,
uzi kwa uzi, na upepo ukiligusa lilijua ni upepo.
Nikamwomba aligeuze.
Nyuma. Kushoto. Sogeza karibu, mwanangu.

"Picha za zamani zote zina pengo hapo," akasema kwa fahari.
"Tukaona ni kosa. Tumelirekebisha."

Nilimshukuru. Mishono ilikuwa safi kuliko yangu.

Nyumbani, ghorofa ya nne, nikafunga mlango,
nikaufungua, nikatazama ngazi, nikaufunga.
Kikopo cha chumvi mezani kimetoa jasho.
Ni mvua, najua, ni hii mvua ya Novemba.
Miaka hamsini na nane nimewatisha watu kwa njegere,
wala sikuwahi kulala na taa.

Sasa nimeiwasha.
Nimepakata gauni langu la kuzikiwa,
nililolimaliza mwaka jana, zuri, halina dosari,
nimeshika mkasi mdogo.
Nyuma, kushoto,
nafumua.